Daftari la Mjomba liko chini ya kaunta yangu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 43, nina mke na watoto watatu, na nina grosari hapa Moshi. Si kubwa. Meza sita, TV moja ukutani, jiko la nje la kuchomea nyama na ndizi, na dirisha dogo la pembeni ambako nafanya uwakala wa fedha wa mitandao mitatu. Wateja wananiita Mangi kama wanavyomwita kila mwenye duka. Mke wangu anauza mitumba Kiboriloni. Utajiri hatukuwa nao, ila ada ilikuwa inalipika na kodi ya fremu hatujawahi kudaiwa.

Mjomba alianza kama mteja. Si mjomba wangu, mtaa mzima unamwita hivyo. Alikuwa anakuja Jumamosi kuangalia mpira, analipia meza nzima, anaondoka bila kuuliza chenji. Msimu uliopita akaniambia, "Mangi, hawa vijana wanatoka kwako wanaenda kubeti kwingine, wakirudi hawana hata ya soda. Kwa nini hela isizunguke hapahapa?" Akaniachia kaunta buku ya kwaya tatu. Kazi yangu kuandika tu: jina, timu, dau. Jumapili usiku anapita kijana na pikipiki, anahesabu hela, anasaini chini ya ukurasa, anaondoka nazo na kuniachia za kuwalipa walioshinda. Mimi nakatiwa asilimia 5 ya kila kilichoandikwa. Jumamosi ya kwanza nilipata shilingi 14,000. Nikasema, si haba, hii ni hela ya mboga.

Tofauti ya Mjomba na maduka ya kubeti ni moja: kwake unabeti kwa mali kauli. Huna hela leo? Andikwa, utalipa wiki ijayo. Hapo ndipo daftari lilipojaa. Wapiga debe, bodaboda, mafundi, mwalimu mmoja, na vijana wawili wa kidato cha tatu ambao nilijifanya sijui umri wao. Asiyelipa ndani ya wiki mbili jina lake linahamia kurasa za nyuma, na kurasa za nyuma si zangu. Wanakuja vijana wawili na pikipiki isiyo na namba. Wanachukua kitambulisho, simu, kadi ya benki na namba ya siri, halafu deni linaanza kuzaa riba kama mkopo mwingine wowote wa kausha damu.

Mimi mwenyewe nilinasa kwa friza. Friza langu lilikufa, Mjomba akanipa milioni 3 siku hiyohiyo bila karatasi yoyote. Riba asilimia 20 kwa mwezi, lakini akasema nisihangaike, itakatwa kwenye kamisheni yangu. Sasa imetimia miezi tisa. Kamisheni imepanda mpaka kama 150,000 kwa wiki, inakatwa yote, na kila nikiuliza ile milioni 3 imebaki ngapi naambiwa milioni 3.

Baadaye akaanza kupitisha hela kwenye laini zangu za wakala. Asubuhi zinaingia milioni mbili kutoka namba nisizozijua, jioni natumiwa ujumbe nizigawe kwa namba nyingine tano. Mbili kati ya hizo tano zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mpwa wangu, kwa sababu Mjomba aliniuliza kama nina kijana wa "kutusaidia kusajili laini", na mimi nikampeleka.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki mbili zilizopita walimchukulia kijana mmoja pikipiki mbele ya grosari yangu, saa mbili usiku. Ilikuwa ya mkataba, anampelekea tajiri 10,000 kila siku, na alikuwa amebakiza miezi miwili iwe yake. Mimi nilikuwa nafuta meza. Niliifuta ile meza moja mpaka walipoondoka. Kesho yake akaja mama yake. Hakupiga kelele. Alifungua ncha ya kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ile ambayo tajiri anasaini kila malipo, akailaza kwenye kaunta na kuinyoosha kwa kiganja. Akasema, "Mangi, wewe unajua hesabu. Nisomee mwanangu anadaiwa nini." Daftari lilikuwa chini ya kaunta, linagusa goti langu. Nikamwambia sijui. Akaiacha ile karatasi, akaondoka.

Nikamwambia Mjomba nataka kuacha. Akacheka. "Umeshapanda mtumbwi, Mangi, na tuko katikati ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Utashukia wapi?" Akanipa njia mbili: nimpe karatasi za kihamba, shamba la ukoo, cha marehemu baba huko Kibosho ziwe dhamana ya milioni 3, au nisaini kuwa mmiliki wa kampuni ya mikopo anayotaka kuisajili BRELA, kwa wasajili wa makampuni, maana "jina lako ni safi". Muda ni mpaka mwisho wa mwezi. Jumatatu iliyofuata wale vijana wawili walisimama nje ya shule ya binti yangu wa darasa la nne. Hawakufanya kitu. Walimpungia mkono.

Polisi naogopa, kwa sababu kuna askari anayekaa meza moja na Mjomba. Mke wangu hajui lolote, anadhani friza ni mkopo wa VICOBA. Nimefikiria kulichoma daftari na kuhamia Babati kwa kaka yangu. Nimefikiria pia kusaini tu yaishe. Shangazi, mimi sijawahi kubeti hata shilingi mia. Mimi ni mwandishi tu wa daftari. Nitokeje?

Mangi, Moshi

*

Marahaba, mwanangu. Jina la mtaa wako nimeliondoa, na mambo mengine mawili matatu ambayo Mjomba angeyasoma akakutambua. Kabla sijakujibu lolote: kiberiti kiweke mbali.

Kabla ya kustaafu na kuanza kujibu barua za watu, nilikuwa karani wa mahakama. Nimebeba madaftari ya kila aina kutoka meza ya mwendesha mashtaka mpaka kwa hakimu, madaftari ya pombe haramu, ya upatu, ya mirungi. Watu wengi waliolia pale kizimbani walilia kwa sababu ya walichokiandika. Wewe utakuwa wa kwanza kulia kwa sababu ya ulichokichoma. Hebu fikiri. Miamala yote iliyopita kwenye laini zako za wakala imehifadhiwa na mitandao, tarehe, saa na kiasi, na yote ina jina lako. Hiyo huwezi kuichoma. Kwenye miamala Mjomba hayupo. Ni mahali pamoja tu ambapo yupo mtu mwingine zaidi yako, nako ni chini ya kila ukurasa wa Jumapili, penye saini ya kijana anayebeba hela. Ukilichoma daftari, unabaki na ushahidi unaokumaliza na unateketeza ule unaoonyesha kwamba hela haikulala kwako. Mjomba angekuwa na akili zaidi, angekuletea yeye mwenyewe mafuta ya taa.

Sasa hili la "mimi ni mwandishi tu". Nilisoma barua yako mara tatu nikihesabu watu. Mjomba mmoja. Vijana wawili wa pikipiki isiyo na namba. Mbeba hela wa Jumapili. Na wewe. Watano, bila mpwa wako. Wamarekani, ambao wamehangaika na magenge ya namba na kubeti tangu enzi za babu zetu, walipotunga sheria yao ya uhalifu wa kupangwa mwaka 1970 waliweka kipimo hichohicho cha idadi: biashara ya kamari haramu inayoendeshwa na watu watano au zaidi, ikidumu zaidi ya siku 30 au ikiingiza dola 2,000 kwa siku moja, hiyo ni kesi ya serikali kuu. Na walijua kwa nini wahesabu. Kule Chicago genge lililoitwa Outfit halikuwa linahangaika kubashiri mpira. Lilikuwa linawatoza "kodi ya mtaa" wale wanaopokea madau, na aliyeshindwa kulipa dau alikopeshwa na genge hilohilo kwa riba ya kumvunja mgongo. Mwenye baa alikuwa anahitajika kwa sababu ana kaunta, ana simu, na watu wanaingia na kutoka kwake bila kuulizwa. Umejiona hapo? Wewe si mwandishi wa biashara yao. Wewe ndiwe duka lao.

Kwetu hapa mambo yamekaa hivi. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na asiye na leseni ya Bodi haruhusiwi kupokea dau hata la jero. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kabisa, kwa hiyo wale wawili wa kidato cha tatu wako kwenye daftari lako kama mwiba. Kukopesha kwa riba bila leseni kunagongana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Na ile ya kupokea milioni mbili asubuhi na kuzigawa kwa namba tano jioni ina jina lake, kutakatisha fedha, na ina sheria yake tangu mwaka 2006. Shtaka hilo linajulikana kwa kutokuwa na dhamana. Likiunganishwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa, Sura ya 200, mtu anaweza kukaa mahabusu gereza la Karanga huku upelelezi "unaendelea". Sikuandikii haya kukutisha, umeshatishwa vya kutosha. Nataka tu ukipima kati ya kusaini na kutosaini, ujue kilichoko upande wa pili wa mizani.

Maana kusaini ndiko kunakonitoa usingizi. "Jina lako ni safi." Mwanangu, jina safi linatafutwa na mtu mwenye uchafu wa kupaka. Siku watakapokuja kukagua hiyo kampuni ya mikopo, hawatamkuta Mjomba popote. BRELA watamkuta mmiliki, ana namba ya NIDA, ana sahihi, ana grosari na TV ukutani. Zile riba zote za kurasa za nyuma, zile kadi za benki za walimu, zote zitakuwa mali ya kampuni yako. Leo wewe ni mtu aliyeburuzwa. Ukisaini, utakuwa ndiye unayewaburuza wengine, na hakuna wakili atakayekutenganisha na hilo kwa urahisi. Usisaini. Hata kama ni "fomu ya awali tu". Hata kama ni picha ya kitambulisho kwa WhatsApp.

Kihamba nacho usikiguse. Kwanza si chako peke yako, na hilo walijua baba zako kabla ya mahakama yoyote. Ila kihamba kinaweza kukusaidia kwa namna Mjomba asiyoitegemea. Anataka jibu mwisho wa mwezi. Mwambie unazungumza na ndugu, mambo ya kihamba lazima kikao cha ukoo, na shangazi mmoja yuko Dar. Hakuna mtu wa Kilimanjaro atakayeshangaa kusikia kikao cha ukoo kimeahirishwa mara mbili. Huo ndio muda wako wa kufanya mambo mengine, nao ni wa siku, usiuchukulie kuwa wa miezi.

Kuna hesabu moja nataka uifanye kwa kalamu yako mwenyewe, kwa kuwa bado kuna sehemu ndani yako inayoamini kwamba ulikuwa unapata kitu. Asilimia 20 ya milioni 3 ni 600,000 kwa mwezi. Kamisheni yako ni 150,000 kwa wiki, mara nne, ni 600,000. Umeona? Riba na kamisheni vimekaa sawasawa kama vifuniko vya sufuria moja. Hiyo si bahati mbaya, ilipimwa. Hata tukisema miezi ya mwanzo kamisheni ilikuwa ndogo, kwa makadirio umeshafanya kazi ya kama milioni 5 kulipia friza la milioni 3, na friza bado si lako. Huyu mtu hajawahi kukulipa, mwanangu. Umemwandikia bure, umemkopesha jina, kaunta, laini na mpwa wako, na unamshukuru kwa bili ya meza.

Na usidhani Mjomba ana bahati na mpira. Chukua mechi ambayo timu mbili ziko sawa kabisa. Haki ingekuwa ukiweka 1,000 upate 2,000. Yeye na wenzake wanaandika 1,800. Kijana mmoja akiweka elfu kumi huku na mwingine elfu kumi kule, zimeingia 20,000, zinatoka 18,000, na hakuna haja ya kujua nani amefunga. Kwenye mkeka wa timu tano, yaani dau moja linalolipa zikishinda zote, kile kisehemu kinachokatwa kinajirudia mara tano: ule wa 1,000 thamani yake halisi imeshabaki kama 590 kabla refa hajapuliza filimbi. Wenye leseni nao wanakata, hiyo ndiyo biashara yao. Lakini kwao unalipa kwanza ndipo upate tiketi. Hela ikiisha mfukoni mchezo umeisha. Mjomba ameuondoa mwisho huo kwa mali kauli. Yeye habahatishi kwenye mpira hata kidogo, anachovuna ni madeni. (Mimi ni Yanga, na hata mimi siwezi kuweka kanga yangu rehani kwa Yanga.)

Sasa nyumbani. Leo, siyo kesho, mwambie mke wako. Najua ulitegemea nianze na polisi, lakini tazama jinsi Mjomba anavyokushika. Hajakupiga. Hajakuvunja kitu. Alichofanya ni kumpungia mkono mtoto wa darasa la nne, akijua kwamba wewe huwezi kurudi nyumbani ukasema kwa nini mtoto asiende shule kesho. Mama yake anamtuma mtoto njia ileile, saa ileile, bila kujua kitu, na Mjomba anaijua njia hiyo kuliko anavyoijua mama. Hilo halivumiliki hata kwa siku moja. Mwambie wakati watoto wamelala, anza na friza, usianze na maelezo ya Mjomba alivyokuwa mkarimu. Mwambie VICOBA ilikuwa uongo. Atakasirika, na ana haki, na pengine hatakusemesha mpaka asubuhi. Kaa hapohapo. Mwanamke anayepanga mitumba Kiboriloni ameshaona madalali wa kila rangi. Sitashangaa akakuambia alikuwa amemshuku Mjomba tangu ile siku ya kwanza ya chenji.

Kesho yake asubuhi mmoja wenu aende kwa mwalimu mkuu, ana kwa ana. Msieleze habari za kamari, semeni tu kwamba kuna watu wasiojulikana wamemfuatilia mtoto na asikabidhiwe kwa mtu yeyote zaidi ya ninyi wawili. Mtoto apelekwe na achukuliwe. Kama yupo bibi au mama mdogo mahali Mjomba hapajui, si vibaya akalala huko majuma mawili. Siku na saa waliyosimama pale nje iandikeni, na pikipiki ilivyofanana, rangi na yote.

Halafu wakili, kabla ya polisi. Hapa watu wananibishia, wanasema mtu asiye na hatia haendi na wakili. Wewe una hatia, kiasi, na ndiyo maana uende naye. Ukiingia kituoni peke yako na daftari kwapani, unaweza kutoka umeandika maelezo ya kukiri kila kitu na hujaeleza lolote kumhusu mwingine. Wakili ndiye atakayejua kama usimame upande wa mashahidi au wa washtakiwa, na kama ni wa washtakiwa, tangu mwaka 2019 sheria yetu inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na waendesha mashtaka. Kama hela ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa watu wa hali yako, na Moshi haina uhaba wa watoa msaada wa kisheria. Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho kina mawakili Kilimanjaro. Chagua ofisi ambayo haiko mtaa wenu. Nenda na daftari, na ile simu yenye ujumbe wa kugawa hela, na usifute hata ujumbe mmoja unaokuaibisha.

Askari wa ile meza asikufungie mlango wa polisi wote. Juu ya kituo cha mtaani kwenu kuna Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa, na wakili wako anaweza kuomba muonane naye moja kwa moja. Habari ya askari kupokea chochote kwa Mjomba ni ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, namba yao ya bure ni 113. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nayo ipewe taarifa, kwa maandishi, kupitia wakili. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, ambayo inataka jina la mtoa taarifa lihifadhiwe. Sheria hiyo haikufutii ulichofanya, na sitakudanganya kwamba utatoka na mashati meupe. Inawezekana ukashtakiwa kwa sehemu yako. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyekuja mwenyewe na daftari mkononi na mtu aliyekutwa nalo chini ya kaunta, nimeiona tofauti hiyo kwa macho, kwenye sura ya hakimu.

Laini za wakala: usipokee tena hata shilingi moja ya Mjomba, wala usirudishe kwa siri ile iliyobaki kwenye floti. Iandike ni kiasi gani, iache ilivyo, wakili aamue. Mpwa wako apige *106# kwenye kila mtandao aone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kisha aende dukani kwa mtandao akazikane zile asizozishika. Na yeye aende kwa wakili. Tena wewe ndiye wa kumwambia, uso kwa uso, kwa sababu ulimpeleka wewe. Usimtumie ujumbe.

Babati ningekukataza, ingawa naelewa. Ukihama usiku, deni litabaki Moshi likiulizwa kwa mke wako na kwa wazee Kibosho, na polisi watakapolifikia hilo genge kwa njia nyingine, jina la kwanza watakalolitafuta ni la mtu aliyekimbia.

Jumamosi inakuja, na najua ndiyo siku unayoiogopa, maana watu watafika na madau yao kabla hujapata hata muda wa kuonana na wakili. Kisimbuzi kiharibike. Chomoa waya wa nyuma, kiweke juu ya kaunta kila mtu akione, sema fundi anakuja Jumatatu. Mpira usipokuwepo watu watatawanyika wenyewe na hutahitaji kumwambia mtu yeyote kwamba umeacha. Mbeba hela akija Jumapili, ukurasa ni mtupu kwa sababu kisimbuzi ni kibovu. Usimhubirie, usimtishie, usimwambie una wakili. Muuzie soda.

Nimebakiza yule mama. Ulimwambia hujui, na nadhani hicho ndicho kilichokuamsha usiku ukaandika, zaidi ya kihamba na zaidi ya Mjomba. Basi jua kitu ambacho hata wewe hukukiona. Pikipiki ya mkataba si ya kijana mpaka amalize kulipa, bado ni ya tajiri. Wale vijana hawakumchukulia mdaiwa wao mali, wamemwibia mtu wa tatu ambaye hakuweka dau lolote, ambaye kadi ya pikipiki ina jina lake na ambaye haogopi meza ya Mjomba. Yeye anaweza kwenda polisi kesho asubuhi bila kutaja grosari yako. Na deni lenyewe la kijana: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayaita makubaliano ya kamari batili, na kwa mtu asiye hata na leseni hakuna mahakama atakayoingia nalo akadai.

Ile karatasi aliyoiacha kwenye kaunta usiichanganye na daftari. Ipeleke kwa wakili atoe nakala, halafu umrudishie mwenyewe mkononi, na safari hii umsomee.